Faili dogo ndilo zito

Ukienda Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi kuulizia kompyuta ya kueditia video za 4K, jibu unalijua kabla hujafika kaunta: hiyo yako haifai, nunua mpya. Muuzaji ana sababu zake na simlaumu. Shida ni kwamba jibu hilohilo utalipata kwa wapiga video wenzako na kwa kila jamaa mwenye sifa ya kujua kompyuta. Limerudiwa mpaka limekuwa kama sheria. Wapo walioitii, wakauza lenzi au wakaingia mkopo, na siku ya kwanza na mashine mpya picha ikaganda palepale ilipokuwa ikiganda.

Mimi nashikilia kwamba kinachoiangusha kompyuta ya kawaida kwenye 4K ni namna kamera ilivyoibana picha, wala si ukubwa wa picha wenyewe. Mtu akilielewa hilo, sehemu kubwa ya tatizo inaondoka kwa kubadili mpangilio wa kazi, bila kutoa hata shilingi. Na kwa kompyuta ya kawaida namaanisha kompyuta ya kawaida kweli: laptopu ya Core i5 ya kizazi cha 6 hadi cha 8, ramu ya GB 8 au 16, zile ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizostaafu maofisini ughaibuni zikaja kupata ajira ya pili kwetu. Hoja za upande wa pili nitazichukua kama zinavyosemwa vijiweni.

“Faili za 4K ni kubwa mno, ndiyo maana mashine inaelemewa”

Hii ndiyo mama wa hoja zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, mara nne kamili ya 1080p. Ingehifadhiwa bila kubanwa, hata kwa rangi za biti 8 za kawaida, ingechukua kama MB 12. Kwa fremu 25 kila sekunde, hiyo ni zaidi ya MB 300 kwa sekunde moja tu ya video. Sasa tazama kamera inavyofanya. Sony A7 III inaandika 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, sawa na MB 12.5. Mzigo wa MB 300 na ushee umeingizwa kwenye MB 12 na nusu, kama sehemu moja ya 25.

Kwa hiyo faili lililo kwenye kadi yako ni dogo, tena dogo kupita kiasi. Kuna kazi nzito imefanyika ndani ya kamera ili liwe dogo hivyo, na kila ukibonyeza kitufe cha kuchezesha, kazi hiyo lazima ifumuliwe upya. Anayefumua ni kompyuta yako.

Kodeki zinazofanya ubanaji huo kwenye kamera na simu nyingi ni H.264, kiwango kilichotoka mwaka 2003, na H.265 iitwayo pia HEVC, iliyofuata mwaka 2013. Siri ya zote mbili ni kwamba hazihifadhi kila fremu. Zinahifadhi fremu moja kamili, kisha kwa fremu kadhaa zinazofuata zinaandika tu kilichobadilika. Ni kama mwenye duka la jumla anayehesabu mali yote Jumatatu peke yake, siku nyingine akaandika tu kilichotoka na kilichoingia. Daftari lake linakuwa jembamba, hewala. Lakini muulize Alhamisi jioni yalikuwepo magunia mangapi ya sukari: itabidi arudi Jumatatu, ajumlishe na kutoa ukurasa kwa ukurasa mpaka aifikie Alhamisi. H.264 inaongeza kituko kingine, kwa sababu baadhi ya fremu zinaelezwa kwa kutegemea hata fremu iliyo mbele yake.

Sasa njoo kwenye meza ya kueditia. Bibi harusi anaingia ukumbini, unatafuta fremu ambayo shela linafunuliwa ili ukate hapo. Umepitiliza kidogo, unarudi fremu moja nyuma. Kwenye skrini umerudi hatua moja. Ndani ya mashine, prosesa imelazimika kurudi mpaka fremu kamili ya karibu, tuseme iko fremu 11 nyuma, ikazifumua zote kwa mfuatano, kila moja pikseli milioni nane, ili ikuoneshe hiyo moja uliyoitaka. Ukivuta kwa haraka kwenda na kurudi, unaiagiza kazi hiyo mara kadhaa kwa sekunde. Ukiweka kamera tatu za harusi sambamba kwenye taimulaini ili uchague pembe, umeizidisha kwa tatu. Hapo ndipo picha inapoganda, feni inaanza kulia, na mhariri anaanza kuitukana mashine isiyo na kosa.

Ushahidi kwamba ukubwa wa faili si mchawi uko ndani ya kamera zenyewe. A7S III ya Sony ina mfumo wa kurekodi unaohifadhi kila fremu ikiwa kamili. Kwa 4K ya fremu 25 unakula megabiti 250 kwa sekunde, mara mbili na nusu ya zile 100. Kadi inajaa haraka na diski inalalamika, lakini ukilivuta faili hilo mbele na nyuma linafuata mkono kuliko lile dogo la H.265 lililotoka kwenye kamera hiyohiyo. Kwa sababu hiyohiyo Avid walitoa DNxHD mwaka 2004 na Apple wakatoa ProRes mwaka 2007: kodeki za kueditia, zenye mafaili manene ambayo mashine inayafungua fremu moja moja bila kuulizia ya jirani.

“Mbona VLC inaicheza bila kukwama? Basi programu ya kueditia ni mbovu”

Kutazama na kuediti ni kazi mbili tofauti. VLC inakwenda mbele tu, inashughulika na faili moja, na ikichelewa inaruka fremu mbili tatu bila wewe kujua. Haina rangi za kurekebisha, haina maandishi juu ya picha, haina kamera ya pili inayosubiri. Mwendo wa kwenda mbele ndio mwendo ambao H.264 imetengenezewa.

Hata hivyo hoja hii imeshika ukweli mmoja ambao wengi wanaupita. VLC mara nyingi haiitumii prosesa kufumua. Inatumia kijisehemu maalumu ndani ya chipu, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Intel waliingiza chao, Quick Sync, mwaka 2011. Kuanzia kizazi cha 6 kinafumua HEVC ya biti 8, na kuanzia kizazi cha 7 kinafumua hata ya biti 10. Kwa hiyo ile EliteBook yako inaweza kuwa na msaidizi ambaye programu ya kueditia haijamwita. Ingia kwenye mipangilio ya programu uhakikishe ufumuaji kwa maunzi umewashwa. Kisha fungua Task Manager ya Windows, upande wa utendaji, chagua GPU, na uchezeshe video kwenye taimulaini. Kuna grafu ya ufumuaji wa video hapo. Ikiwa imelala kwenye sifuri huku prosesa iko asilimia 100, msaidizi yuko kijiweni. Mara nyingine dawa ni kusasisha dereva ya Intel tu, kwa kuwa laptopu nyingi za mitumba zinauzwa na Windows iliyowekwa harakaharaka, madereva nusunusu.

“Weka kadi ya grafiki, mambo yote yatanyooka”

Kadi ya grafiki ina kazi yake: kurekebisha rangi, kupunguza chenga za gizani, kukuza na kuzungusha picha, kuchora athari. Kwa kazi hizo inasaidia sana. Lakini kuganda wakati unachezesha klipu tupu, isiyo na chochote juu yake, ni suala la ufumuaji, na hapo bei ya kadi haikupi uhakika wowote.

Mfano mzuri ni video ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani zenye taarifa nyingi kuliko za kawaida, ambayo Panasonic GH5 iliileta ndani ya kamera ya wastani mwaka 2017 na sasa kampuni nyingi zinaitoa. RTX 4090 ya mwaka 2022, kadi ambayo kwa bei yake unapata pikipiki mpya na chenji, haina kifumuaji cha HEVC ya aina hiyo. Nvidia walikileta kwenye familia ya RTX 50 mwaka 2025. Wakati huohuo grafiki za ndani za prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, zile zinazodharauliwa kwa kuwa zimekuja bure, zinaifumua. Ndiyo maana unaweza kukuta mtu ana mnara wenye taa za rangi zote za upinde wa mvua na 4:2:2 inamsumbua, na jirani yake ana laptopu nyembamba ya ofisi na faili hilohilo linateleza. Kabla ya kumsikiliza yeyote anayekuuzia kadi, muulize inafumua kodeki gani, biti ngapi, rangi za namna gani. Akianza kukupa idadi ya GB, umepata jibu.

“Ongeza ramu, weka SSD”

Sawa, ongeza, ila ujue unanunua nini. Ramu haifumui video. GB 8 zikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na hapo kila kitu kinasinzia, hivyo GB 16 ni pesa nzuri, hasa kwa kuwa grafiki za ndani zinakopa kwenye ramu hiyohiyo. Ukitoka 16 kwenda 32 kwa ajili ya kuganda kwa H.264, usitegemee muujiza.

SSD ni hadithi ya namna hiyohiyo. Klipu ya megabiti 100 inahitaji MB 12.5 kwa sekunde, na diski ya kawaida ya kuzunguka inasoma hata MB 100 kwa sekunde ikiwa na afya njema. SSD inafanya programu ifunguke haraka na faili za muda zisomeke haraka, na itakufaa kweli ukianza kutumia kodeki nene au kamera nyingi kwa pamoja. Kinachoua watu kwenye upande wa diski ni kueditia moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kadi ya kamera, au diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2.0. Hamishia kwanza ndani ya mashine. Hilo ni la bure.

“Mashine imezeeka, mwanzoni ilikuwa inaweza”

Mara nyingi haijazeeka, ina joto. Laptopu ikipata moto prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa, chumba hakina kiyoyozi na feni imejaa vumbi la miaka mitano, inajipunguzia ndani ya dakika chache. Dalili yake ni kwamba asubuhi inakwenda na mchana inagoma. Ipeleke kwa fundi aifungue, apulize vumbi na abadilishe ile pesti ya juu ya prosesa. Usiiweke juu ya godoro. Na ukiwa unatumia betri kwa sababu umeme umekatika, usiihukumu kabisa, kwa kuwa Windows huwa inaibana kasi ili kuokoa chaji.

“Proksi zinashusha ubora wa kazi”

Hapa ndipo ninapopoteza subira, kwa sababu hoja hii inawazuia watu kutumia dawa yenyewe.

Proksi ni nakala nyepesi ya kila klipu. Programu inatengeneza, kwa mfano, nakala ya pikseli 1280 kwa 720 kutoka kwenye 4K, ambayo ni moja ya tisa ya pikseli za awali, tena kwa kodeki inayohifadhi kila fremu kamili. Wewe unakata, unapanga, unaweka muziki, unalinganisha kamera kwa kutumia nakala hizo. Siku ya kutoa faili la mwisho, programu inaziacha nakala na kurudi kwenye faili halisi za kamera, ikitekeleza maamuzi yako yote juu ya pikseli zote milioni nane. Mkato ulioweka kwenye fremu ya 340 ya nakala ni mkato wa fremu ya 340 ya faili halisi. Hakuna pikseli hata moja ya proksi inayoingia kwenye kazi ya mteja, isipokuwa kama wewe mwenyewe umeweka tiki kwenye kisanduku cha kutumia proksi wakati wa kutoa. Kisanduku hicho kipo, na bila shaka ndicho kilichozaa uvumi huu. Kiache bila tiki.

Tena huu si ujanja wa wasio na fedha. Wahariri wa filamu walikuwa wakikata nakala ya kufanyia kazi, na negativu yenyewe ikabaki imefungiwa mpaka mikato yote iamuliwe. Kompyuta zilipoingia, kuanzia mashine za Avid za mwaka 1989, hazikuwa na uwezo wa kubeba picha ya ubora kamili, kwa hiyo filamu zilieditiwa kwa nakala hafifu na kukamilishwa pembeni. Walter Murch aliihariri The English Patient kwa Avid na kuchukua Oscar ya uhariri, filamu ya kwanza iliyoeditiwa kidijitali kuipata. Mashine aliyotumia ingeshindwa vibaya sana na simu iliyo mfukoni mwako.

Yapo masharti machache, na kuyavunja ndiko kunakoleta malalamiko. Proksi iwe na idadi ileile ya fremu kwa sekunde kama faili halisi. Iwe na umbo lilelile la picha, la sivyo maandishi na vipande ulivyokuza vitahama mahali siku ya mwisho. Kwenye Premiere Pro, iwe na idadi ileile ya mikondo ya sauti, vinginevyo programu itakataa kuiunganisha, na watu wanakesha wakitafuta kosa kwenye picha wakati kosa liko kwenye sauti. Rangi usizifanyie uamuzi wa mwisho ukiwa kwenye proksi. Kuna kitufe cha kuhama kati ya nakala na faili halisi, kitumie uhakikishe fokasi na ngozi za watu kabla ya kutoa.

Zana zipo na nyingine ni za bure. Premiere Pro imekuwa na proksi tangu 2016. DaVinci Resolve ya bure inazitengeneza na inatoa hadi 4K ya 3840 kwa 2160, ingawa kwa laptopu yenye grafiki dhaifu mimi naona ni mlaji mkubwa. Kwa mashine za chini kabisa Kdenlive au Shotcut zinakaa vizuri zaidi, na zote mbili zina proksi kwa kuweka tiki moja. Kuhusu nafasi, ProRes ya daraja la proksi kwa 1080p ya fremu 25 inakula kama megabiti 38 kwa sekunde, karibu GB 17 kwa saa. Faili za kamera zenyewe, kwa megabiti 100, ni GB 45 kwa saa. Ukishuka hadi 720p unalipa pungufu ya hapo. Kazi ikiisha zifute, kwani zinaweza kutengenezwa tena wakati wowote.

Proksi haitatibu kila kitu, na anayesema inatibu naye anadanganya. Ukiweka kipunguza chenga, kituliza mtikisiko na rangi tabaka nne juu ya klipu, itakwama hata ikiwa proksi, kwa sababu mzigo sasa ni hesabu za athari wala si ufumuaji. Hapo renda kipande hicho peke yake, mstari wa juu ya taimulaini ugeuke kijani, uendelee. Kipunguza chenga kiweke mwisho kabisa, mikato ikishafungwa.

“Punguza ubora wa kuchezesha uwe nusu au robo, inatosha”

Inasaidia pale penye athari nyingi. Kwa H.264 na H.265 msaada wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kifumuaji bado kinalazimika kufumua fremu nzima ya 4K ndipo ipunguzwe kwa kuoneshwa. Jaribu kwanza kwa sababu ni sekunde mbili, lakini usishangae.

“Kwa nini ujitese? Piga 1080p”

Kuna kazi ambazo hili ndilo jibu sahihi. Hotuba ya saa tatu ya mkutano wa mwaka wa SACCOS, itakayotazamwa kwa simu ikiwa itatazamwa, haihitaji 4K. Lakini mpiga video wa harusi akiwa peke yake na kamera moja upande wa meza kuu, 4K inampa nafasi ya kubakiza robo tu ya picha na bado akawa na 1080p kamili: klipu moja inatoa picha pana ya ukumbi na picha ya karibu ya mama anayefuta machozi. Kumwambia mtu huyo ashushe ubora ni kumwondolea kamera ya pili.

Zaidi ya hayo, kati ya kupiga 1080p na kupiga kila kitu kwa biti 10 4:2:2 H.265 kuna njia ya katikati ambayo wengi wanairuka. Kama huna mpango wa kufanya rangi nzito, piga 4K ya H.264 biti 8. Karibu kila laptopu niliyoitaja mwanzoni ina kifumuaji chake. Watu wanawasha rangi bapa za log na biti 10 kwa kuwa wameona mtu YouTube akifanya hivyo, kisha wanaweka rangi ya moja kwa moja iliyopakuliwa na kutoa faili la WhatsApp.

Simu zina ugonjwa wake mwingine, na hapa 1080p haisaidii kitu. Simu nyingi hazirekodi kwa idadi thabiti ya fremu. Zinapanda na kushuka kulingana na mwanga, na kwenye taimulaini midomo inaanza kupishana na sauti kadiri klipu inavyosonga. Klipu ya simu ipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake, chagua idadi ya fremu isiyobadilika, ndipo uiingize.

“Nunua Mac”

Ukiwa na fedha, nunua. Sitapinga kwa ushabiki. Chipu za Apple kuanzia M1 ya mwishoni mwa 2020 zinafumua HEVC ya biti 10 4:2:2 bila jasho, na MacBook Air isiyo na feni hata moja inaediti vitu vinavyozipigisha magoti mashine nzito zaidi yake. Kwa RAW ya 8K, kwa matangazo ya televisheni yenye athari tabaka kwa tabaka, au kwa ofisi inayotoa harusi tatu kwa wiki, mashine bora inajilipa yenyewe. Ninachokataa ni neno “lazima”. Kijana anayeanza na harusi moja kwa mwezi hana ulazima huo, na deni la mashine litamfanya akubali kazi kwa bei yoyote ili alipe marejesho.

“Sina muda wa kutengeneza proksi, mteja anataka kesho”

Ni hoja ya mtu mwenye kazi nyingi, kwa hiyo inastahili heshima. Kutengeneza proksi za harusi nzima kwenye laptopu ya kizazi cha 8 kunaweza kuchukua saa kadhaa. Lakini saa hizo hazihitaji wewe ukae hapo. Ukirudi ukumbini usiku wa manane, hamishia kadi, weka foleni ya proksi, nenda kalale. DaVinci Resolve tangu toleo la 18 inakuja na kiprogramu kinachofuatilia folda na kutengeneza proksi za kila klipu inayotupwa humo, bila hata kufungua mradi. Ukiamka anza na zilizokwisha, nyingine zitakukuta njiani. Linganisha na saa unazopoteza ukisubiri picha iliyoganda iachie kila unapokata, nyingine zikiishia kwa programu kujifunga kabla hujahifadhi.

Na wenye Sony wana njia fupi zaidi. A7 III na ndugu zake wengi wanaweza kurekodi proksi wenyewe, sambamba na 4K, kwenye kadi hiyohiyo: video ya 720p ya megabiti 9 kwa sekunde, karibu GB 4 kwa saa. Ni H.264 nayo, lakini kwa picha ndogo kiasi hicho hata i5 ya kizazi cha 6 inaifumua ikisinzia. Zinakaa kwenye folda iitwayo SUB, kila moja na jina la klipu yake likiongezewa S03 mwishoni, hivyo C0001 ina mwenzake C0001S03. Nakili folda hiyo pamoja na ile ya klipu za 4K na uiambie programu iziunganishe. Kabla hujaunganisha, linganisha idadi ya fremu kwa sekunde na mikondo ya sauti ya klipu mbili tatu, maana hapo ndipo Premiere inapogoma. Zikilingana, unaweza kuanza kukata usiku huohuo, suti ya harusi ikiwa bado mwilini.